Moyo ukienda mrama kwa mtu mwenye mwili mzito: tunavyomtibu kliniki

Mimi ni afisa tabibu. Nafanya kazi kliniki ya presha, kisukari na moyo katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule anaopewa mtu mnene mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, yaani mpapatiko wa moyo: "Mama, kapunguze mwili kwanza, halafu urudi tuuangalie huo moyo." Anaondoka na aibu yake na karatasi ya kukatazwa mafuta. Miezi inapita, kisha analetwa na bajaji, mdomo umepinda, mkono mmoja umelala. Mwili haukuwa umepungua, na damu haikusubiri upungue ndipo igande.

Kwa sababu hiyo nafuata mpangilio wa haraka ya hatari. Ubongo unakingwa leo. Kasi ya moyo inashushwa wiki hii. Presha, sukari na usingizi vinaanza kushughulikiwa mwezi huu. Uzito ni kazi ya mwaka na zaidi, na ndio unaoamua kama yote uliyofanya yatadumu. Nawaandikia hasa wenzangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Mgonjwa au mwanawe akisoma hakuna ubaya, mradi asijiandikie dawa.

Nitamtumia mama mmoja kuwa mfano; nimemuunda kwa kuchanganya wagonjwa kadhaa ili asitambulike yeyote. Ana miaka 58, ni mama lishe, uzito kilo 128, urefu sentimita 160. Ukipiga hesabu, BMI yake (kipimo cha uzito dhidi ya urefu) ni 50, wakati unene uliokithiri huhesabiwa kuanzia 40. Ana presha ya siku nyingi na kisukari cha juzijuzi. "Shikamoo mama, unasumbuliwa na nini?" "Marahaba mwanangu. Moyo unapapatika, halafu unasita, halafu unakimbia tena. Nikibeba ndoo ya maji nakosa pumzi."

Vifaa vimtoshe kwanza

Hapa ndipo tunapoharibu mapema. Mizani za bafuni zina kikomo cha uzito, na mgonjwa akikipita inaandika alama ya hitilafu mbele ya foleni nzima. Tafuta mizani ya kufika kilo 200, uiweke chumbani, usimpime barazani. Nimewahi kusikia mtu akishauriwa kwenda kupimwa kwenye mizani ya magunia sokoni. Huyo hatarudi tena, na hata mimi nisingerudi.

Mkanda wa presha nao. Mkanda wa kawaida ukiubana kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mtu anaongezewa dawa asizozihitaji. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 32 hadi 42 unataka mkanda mkubwa. Ukizidi hapo na huna mkanda wa saizi hiyo, pima kwenye kigasha, mkono ukiwa usawa wa moyo, na uandike kwenye kadi kwamba umepimia hapo ili mwenzako asibadilishe sehemu wiki ijayo. Mashine za presha pia huchanganyikiwa mapigo yanapokuwa ovyo, kwa hiyo pima mara tatu uchukue wastani.

Kiti kisiwe na mikono. Ni jambo dogo, lakini mama aliyebanwa na kiti hasikilizi unachomweleza.

Hakikisha ni mpapatiko kweli

Ugonjwa wenyewe ni huu: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma, na vile vya chini vinapokea amri za umeme zisizo na utaratibu. Ukishika mshipa wa mkononi utasikia mapigo ambayo hata kukosea kwake hakuna mpangilio. Usitegemee mkono peke yake, kwani mapigo mengine hayafiki huko. Weka stetoskopu kifuani, mwambie mgonjwa alale kwa ubavu wa kushoto au ainame mbele kidogo, uhesabu dakika nzima kwa saa. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwenye ugonjwa huu utapotoka sana.

Kisha ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Ukimlaza chali mtu wa kilo 128 mwenye pumzi fupi atahangaika na karatasi itajaa mitikisiko, kwa hiyo mwinue kitanda nusu, uandike kwamba alikuwa ameketi. Futa jasho. Titi linyanyuliwe (omba ruhusa, au amwite binti yake amsaidie) ili vibandiko vya upande wa kushoto vikae kwenye mbavu. Mistari itatoka mifupi kwa sababu ya mafuta yaliyo kati ya ngozi na moyo, na hiyo isikutishe. Tafuta vitu viwili: hakuna wimbi la P (kilima kidogo kabla ya kila pigo), na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Visipokuwapo lakini maelezo ya mama yanalingana, mwambie aje wakati moyo unapapatika, hata kama si siku yake ya kliniki. Mpapatiko wa kuja na kuondoka hauonekani kwa kuusubiri siku ya kliniki.

Siku hiyohiyo chukua damu ya kuangalia figo, potasiamu, wingi wa damu na homoni ya tezi ya shingo. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mpapatiko peke yake. Potasiamu tunaishusha sisi wenyewe kwa vidonge vya kukojoa.

Muulize pia kuhusu pombe, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi. Uliza bila kukunja uso, maana mama mtu mzima hatakwambia ukweli ukiwa umeshamhukumu. Kahawa ya kikombe kimoja asubuhi mimi huwa naiacha.

Ubongo unakingwa leo

Damu inayotuama kwenye kifuko cha chumba cha juu kushoto huganda, kipande kinachomoka, kinapanda kichwani. Mpapatiko huongeza hatari ya kiharusi takribani mara tano. Ili kujua nani aanze dawa ya kuzuia damu kuganda tunatumia alama za CHA2DS2-VASc: moyo kushindwa kazi, presha, kisukari, ugonjwa wa mishipa, umri, na kiharusi cha zamani ambacho kina alama mbili. Unene wenyewe haumo kwenye hesabu hiyo. Mama yetu ana presha na kisukari, tayari ana mbili bila hata kuhesabu jinsia yake, na hiyo inatosha kuanza dawa.

Aspirini si mbadala. Bado nakutana na wagonjwa waliopewa aspirini ndogo "kulainisha damu". Kwa mpapatiko haikingi vya kutosha, na tumbo inalitoboa vilevile.

Kabla ya kuchagua dawa, sikiliza valvu. Huku kwetu homa ya baridi yabisi ya utotoni bado inaharibu mioyo, na mgonjwa anaweza kuwa mnene na wakati huohuo ana valvu ya mitro (ya upande wa kushoto wa moyo) iliyobana. Mwombee kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kama valvu imebana kwa kiasi cha kati au zaidi, au amewekewa valvu ya chuma, dawa yake ni warfarini, ile ya zamani ya kuzuia damu kuganda. Utafiti mkubwa wa INVICTUS uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa baridi yabisi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, na dawa za jamii ya warfarini. Waliokuwa kwenye warfarini walikufa wachache zaidi.

Valvu zikiwa salama, swali linalofuata ni la uzito. Mwaka 2016 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kuganda kwa damu ilishauri dawa mpya zisitumiwe kwa mtu wa zaidi ya kilo 120 au BMI ya zaidi ya 40, kwa kuwa watu wa namna hiyo walikuwa wachache kwenye tafiti. Mwaka 2021 ikalegeza kwa rivaroksabani na apiksabani. Ushauri huo ulihusu damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu, lakini kwenye mpapatiko pia mazoea yameelekea huko. Kwa hiyo mama wa kilo 128 anaweza kupewa apiksabani miligramu 5 asubuhi na jioni, au rivaroksabani miligramu 20 mara moja pamoja na chakula. Dozi usiiongeze kwa sababu mtu ni mkubwa. Usiipunguze pia kwa woga. Apiksabani hushushwa pale mtu anapokuwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au chini, kreatinini (kipimo cha figo) ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Rivaroksabani isimezwe tumbo tupu, haifyonzwi vizuri. Mwezi wa Ramadhani wagonjwa wangu huimeza na futari.

Bei inawashinda wengi, na hapo warfarini inarudi. Ni dawa nzuri ikisimamiwa. Watu wazito mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi na huchelewa kufikia INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ya 2 hadi 3, basi usikate tamaa wiki ya pili. Usimkataze mchicha na kisamvu. Mwambie ale kiasi kilekile kila wiki. Hatari kubwa iko duka la dawa. Anaumwa tumbo, anauziwa Flagyl. Ana kikohozi, anauziwa Septrin. Zote mbili hupandisha INR kwa kasi. Magoti yanamuuma, na kwa kilo 128 lazima yaume, anauziwa diklofenaki, anavuja damu tumboni na presha inapanda juu yake. Mpe parasetamoli kabla hajaenda kujitafutia. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hufanya kinyume: huishusha nguvu warfarini, na zile dawa mpya pia.

Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, uliza mambo mawili ambayo wengi hawayaulizi: damu inatoka kiasi gani, na kuna mpango wa mimba? Fibroidi pamoja na dawa hizi huweza kummaliza mtu damu. Warfarini huumiza mtoto tumboni.

Kasi ya moyo wiki hii

Lengo la kwanza ni mapigo chini ya 110 kwa dakika akiwa ametulia. Utafiti wa RACE II wa Uholanzi, mwaka 2010, ulionyesha kuwa kwa wengi hiyo haikuwa mbaya kuliko kulazimisha chini ya 80. Ukiona bado anakosa pumzi, shuka zaidi. Naanza na bisoprololi miligramu 2.5, napandisha taratibu. Asiwe na pumu kali, na miguu ikiwa imejaa maji, toa maji kwanza.

Digoksini husaidia mtu anayekaa sana, lakini haiingii kwenye mafuta. Ukiipima kwa kilo zote 128 utamwekea sumu. Piga hesabu kwa mwili usio na mafuta na kwa figo zake, mara nyingi miligramu 0.125 inatosha. Kichefuchefu, kuona rangi ya manjano na mapigo kushuka mno ni dalili za kuisimamisha na kumpima. Amiodaroni ni kinyume chake: hujificha kwenye mafuta kwa miezi, huharibu tezi na mapafu, na huipandisha nguvu warfarini. Sipendi kuianzisha kituoni bila daktari wa moyo kuidhinisha.

Akija amezirai, presha iko chini, kifua kinabana au mapafu yamejaa maji, achana na vidonge. Huyo ni wa shoti ya umeme au gari la rufaa, saa hiyohiyo.

Muulize anayelala naye

Mgonjwa mwenyewe hajui kama anakoroma. Namwita mume au binti: "Baba, mama akilala anakoroma?" Kwanza wanacheka. Halafu mtu anasema, "Anakoroma mpaka anakata pumzi, mimi huwa namtikisa." Basi. Hiyo ni pumzi inayokatika usingizini, na kila ikikatika oksijeni inashuka, presha inaruka, chumba cha juu cha moyo kinavutwa na kutanuka. Pima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Ikipita sentimita 40 ongeza shaka. Ongeza tena kama anasinzia mchana akiwa anasubiri wateja.

Mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa ndiyo tiba yenyewe na kwetu ni adimu, lakini omba tathmini, usinyamaze kwa sababu ni adimu. Wakati anasubiri alale kwa ubavu, kichwa na kifua viinuliwe kwa mito, aache pombe na dawa za usingizi. Ukiacha hili bila kutibiwa, mapigo uliyoyarekebisha hospitalini yataharibika tena upesi.

Uzito: asilimia 10, na zisirudi

Hapa ndipo ninapobishana na pande zote mbili, wanaolaumu na wanaokata tamaa. Huko Adelaide, Australia, watafiti wa LEGACY waliwafuatilia watu wazito wenye mpapatiko, wakachapisha mwaka 2015. Waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito na kuudumisha walikuwa na uwezekano wa takribani mara sita zaidi wa kukaa bila mapigo kuharibika. Waliopanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 walipoteza sehemu ya faida hiyo. Kwa mama yetu asilimia 10 ni kilo 13. Atabaki na kilo 115, bado mnene machoni pa majirani, lakini moyo wake umeshapata nafuu. Namtajia hizo 13 tu. Nikimwambia afike 65 ananitazama kama nimemtukana.

Naanza na vinywaji. Soda moja ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, na mama lishe anakunywa kati ya mbili na tatu akiwa jikoni. Chai inafuata. Kisha naomba tuone sahani: mboga na maharage nusu, samaki au dagaa robo, ugali au wali robo. Wali wa nazi siuharamishi, nauhamishia Ijumaa. Anayepika kwa kazi huonja siku nzima, kwa hiyo tunakubaliana aonje kwa kijiko cha chai na si kwa upawa. Mume aje kliniki walau mara moja, kwa sababu mwanamke akianza kupungua utasikia mtaa mzima ukiuliza anaumwa nini, na mume asipojua sababu atamrudishia mandazi mwenyewe.

Kutembea ni dakika 10 mara tatu kwa siku kwa kuanzia. Magoti yakigoma, afanye mazoezi ya kukaa kwenye kiti, au wakati bahari imetulia atembee ndani ya maji ya kiunoni, ambako mwili unakuwa mwepesi.

Pitia dawa zake za kisukari. Glibenklamidi na insulini huongeza uzito, metformini haiongezi. Sindano za semaglutidi hupunguza mwili kweli, ila ni ghali, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia. Asinunue ya mtandaoni. Upasuaji wa tumbo nao ni njia halali kwa BMI kama hii. Akifanyiwa, wiki za kwanza baada ya upasuaji asirudishiwe dawa mpya za damu za kumeza bila kujadiliana, kwani utumbo uliofupishwa hubadilisha ufyonzaji.

Shoti ya umeme

Kurudisha mapigo sawa kwa shoti kunafaa kwa mgonjwa mwenye dalili. Mpapatiko ukiwa umeshadumu zaidi ya saa 24 (mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeshusha kutoka saa 48), anahitaji wiki 3 za dawa ya damu bila kuruka, au eko ya kupitia koo ionyeshe hakuna damu iliyoganda. Baada ya shoti, wiki 4 nyingine. Kwa mwenye alama kama za mama huyu, dawa inaendelea hata moyo ukitulia.

Kwa mtu mnene shoti hushindwa mara nyingi zaidi kwa sababu umeme unapita kwenye unene wa kifua. Usianze kwa nguvu ndogo ukipanda ngazi. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2020 ulianza moja kwa moja na jouli 360 na kufanikiwa kwa asilimia 88, dhidi ya 66 kwa wale waliopandishiwa polepole, bila kuongeza madhara. Mashine nyingine hukomea 200. Tumia kikomo chake, na kitufe cha kuoanisha na mapigo kiwe kimewashwa. Mwaka uliofuata, huko huko Denmark, kuweka pedi mbele na ubavuni kulishinda kuweka mbele na mgongoni. Titi linyanyuliwe, pedi isikae juu yake. Ikishindwa, na mashine yako ina pasi za mkono, mwenye nguvu kuliko wote chumbani azikandamize kwa jeli ya kutosha.

Mtu wa usingizi lazima awepo. Mgonjwa huyu akilazwa bapa oksijeni inashuka haraka, basi panga mito mpaka tundu la sikio liwe usawa wa kifua kabla dawa ya usingizi haijaingia.

Kuchoma njia za umeme za moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa) ni kazi ya mabingwa. Mpapatiko hurudi zaidi kadiri mwili ulivyo mzito, ndiyo maana wengi watataka zile kilo 13 kwanza. Hapo nawaelewa, maana ubongo umeshakingwa.

Barua ya rufaa

Ukimpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili au kwingineko, andika uzito kwenye mstari wa kwanza, chini ya umri. Meza za vyumba vya katheta na mashine za picha zina kikomo cha kilo, na si haki mtu asafiri usiku kucha kwa basi akaambiwe meza haimbebi. Andika dawa ya damu, dozi, tarehe aliyoanza na siku alizoruka kama zipo. Ambatisha ECG halisi, nakala ibaki kwako. Andika kama anakoroma, na namba ya simu ya yule anayelala naye, kwa sababu ndiye atakayeulizwa.